Nyumba za Chai China: Mwongozo Kamili wa Msafiri, Kutoka Kiti Hadi Bili

Wanaolalamika ni wengi na malalamiko yao yanafanana. Mmoja aliingia nyumba ya chai Guangzhou, akaagiza chai tu, bili ikaja na karanga, tishu na "kiti" ambacho hakumbuki kukiomba. Mwingine aliketi Chengdu nusu saa akingoja maziwa na sukari ambavyo havikuja. Wa tatu aliondoka na kiu yake kwa sababu menyu ilikuwa ndani ya simu, na simu yake haikuifungua. Wa nne ndiye mwenye hasara hasa: alikaribishwa chai na vijana wawili wachangamfu barabarani Shanghai, akaachiwa bili iliyommalizia pesa za safari.

Mzizi wa yote ni mmoja. Watu huketi kabla ya kujua nyumba inauza nini. Guangzhou unalipia kiti na chakula. Chengdu unalipia bakuli moja la chai, na muda ni bure. Nyumba zenye vyumba vya faragha huuza saa au majani. Nyingine huuza onyesho au mandhari. Aliyeingia moja akidhani ni nyingine ataona kila kitu ni wizi, hata pale ambapo hakuna aliyemwibia.

## Vya kuandaa kabla ya kusafiri

Alipay na WeChat (programu za simu za kulipia), zote mbili, zikiwa na kadi yako. Zisajili ukiwa nyumbani. Benki yako hutuma namba ya uthibitisho kwa laini yako ya nyumbani, na programu zenyewe huomba picha ya pasipoti. Hilo si jambo la kuanza mhudumu akiwa amesimama kando. Visa na Mastercard zinakubalika. Malipo yasiyozidi yuani 200 hayakatwi kitu, yakizidi hapo hukatwa asilimia 3. Usiache WeChat kwa sababu unapenda Alipay: menyu nyingi za kuskani hufunguka ndani ya WeChat tu.

Taslimu yuani 300 hivi, kwa noti za 10, 20 na 50. Sheria ya China inamtaka mwenye duka apokee taslimu. Chenji ya noti ya 100 ndiyo shida, hasa asubuhi.

Intaneti inayofanya kazi. Google na WhatsApp hazifunguki kwenye mtandao wa kawaida wa China. Laini ya nyumbani ikiwa kwenye roaming kwa kawaida hupitia mtandao wa nyumbani na hufungua, lakini ni ghali. Kwa hiyo pakua mapema programu ya kutafsiri pamoja na kifurushi cha Kichina kinachofanya kazi bila intaneti, iwe na uwezo wa kusoma maandishi kwa kamera.

Tishu, na chaji ya kutosha. Vyoo vingi vya bustani na nyumba kongwe havina karatasi. Pawabanki utaikodi karibu popote kwa kuskani. Ukitaka kubeba yako, hakikisha ina alama ya 3C (alama ya usalama ya China), maana tangu tarehe 28 Juni 2025 isiyo na alama hiyo hairuhusiwi kwenye ndege za ndani ya China.

Kitu tumboni. Chai kali juu ya tumbo tupu huleta kizunguzungu, jasho na mikono kutetemeka. Wachina wana jina lake, "ulevi wa chai", na dawa yake ni kitu kitamu na kupumzika.

Maneno haya, yakiwa picha kwenye simu. Matamshi ni ya kukadiria; usione haya kuonyesha maandishi badala ya kusema.

- 加水 (jya shwei): ongeza maji
- 多少钱 (dwo shao chyen): bei gani
- 最低消费多少 (zwei di shyao fei dwo shao): kima cha chini ni kiasi gani
- 不要 (bu yao): sitaki
- 有纸质菜单吗 (yo jr-jr tsai-dan ma): mna menyu ya karatasi
- 我不吃猪肉和猪油 (wo bu chr ju-rou he ju-yo): sili nyama wala mafuta ya nguruwe
- 买单 (mai dan): nataka kulipa

## Hatua ya 1: Jua nyumba inauza nini

Simama mlangoni dakika mbili utazame meza za wengine.

Ukiona vikapu vidogo vya mianzi vinavyofuka mvuke, meza za duara, kelele na wazee wenye magazeti, hiyo ni nyumba ya chai ya Kikantoni. Humo chai ni sababu ya kuketi, na chakula ndicho biashara. Kila mtu mezani hutozwa ada ya kiti hata kama hakugusa kikombe.

Ukiona viti vifupi vya mianzi, mabakuli yenye vifuniko, chupa za chai zimesimama sakafuni na watu wakicheza karata au mahjong, uko kwenye nyumba ya Kisichuan. Ukinunua bakuli lako, mchana mzima ni wako.

Vyumba vyenye milango, ukimya, taa hafifu na mhudumu mmoja kwa kila meza ni nyumba ya vyumba. Hapo usiketi kabla ya kuuliza kima cha chini. Kinaweza kuhesabiwa kwa mtu, kwa chumba au kwa saa, na tofauti ya hizo tatu ni kubwa.

Zipo pia zile za watalii. Lao She Teahouse karibu na Qianmen, Beijing, huuza onyesho la jukwaani na chai huja nalo. Huxinting ya Shanghai, katikati ya bwawa penye daraja la kona kona pale Yuyuan, huuza mahali ulipoketi. Si vibaya kwenda, ila usipime bei yake kwa bei ya bustani.

Onyo kuhusu mwaliko wa barabarani. Maeneo ya Nanjing Lu, People's Square na Bund huko Shanghai, pamoja na Wangfujing na kandokando ya Tiananmen huko Beijing, utakutana na vijana wanaozungumza Kiingereza safi. Watakuomba uwapige picha, mtaongea kidogo, kisha watakumbuka kuna "sherehe ya chai" jirani. Chumba ni kidogo, hakina madirisha, chai huja kwa vikombe vya kuonja na kila kikombe kina bei yake. Bili hufika mamia au maelfu ya yuani, na wale rafiki zako "wanachangia" ili uone aibu kukataa. Dawa ni kutoingia. Ukiwa umeshaingia, simama, sema utapiga 110, namba ya polisi, na upige kweli kama hawafungui njia. Mchina wa kawaida hamwaliki mtu aliyemjua dakika kumi zilizopita kwenye chumba cha kulipia.

Hatua hii imekamilika ukiwa na namba mbili kichwani kabla ya kuvuta kiti: bei ya kiti au bakuli, na kima cha chini (au jibu kwamba hakipo).

## Hatua ya 2: Fika kwa wakati

China nzima inatumia saa moja, na saa hiyo iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa tano. Saa zinazotajwa hapa ni za Kiswahili. Kwenye mabano ni zile utakazoziona kwenye simu.

Guangzhou chai ni ya asubuhi. Siku za kazi fika kati ya saa 1:30 na saa 2:30 (07:30 hadi 08:30). Jumamosi na Jumapili, kufika saa 4 (10:00) ni kujitakia foleni ndefu. Utapewa karatasi yenye namba mlangoni, na namba huitwa kwa Kikantoni. Simama mahali unapoiona skrini, au mwonyeshe mhudumu karatasi yako kila baada ya muda. Ukipitwa, nyumba nyingi hukurudisha nyuma.

Ukiwa peke yako utaulizwa kama utakubali kuchangia meza na wasiokujua. Kubali. Bili ni mbali mbali, unaketi upesi, na wazee utakaokaa nao ndio walimu wazuri wa hatua zinazofuata.

Chengdu ni mji wa mchana. Baada ya chakula, kuanzia saa 8 hadi saa 11 (14:00 hadi 17:00), viti vyote vya kando ya maji vimekwisha. Anayetaka kiti kizuri aende kabla ya saa 4 asubuhi. Mvua ikinyesha, viti vya nje huondolewa.

## Hatua ya 3: Mezani Guangzhou

Wafanyabiashara wa Kariakoo na Nairobi wanaujua mji huu kwa mizigo kuliko kwa chai, na wengi hula Xiaobei, mtaa wa wafanyabiashara wa Kiafrika, kila siku bila kufika wilaya ya Liwan, ambako ndiko kwenye nyumba kongwe. Tao Tao Ju iko barabara ya Dishifu, karibu na kituo cha treni cha Changshou Lu, njia namba 1. Guangzhou Jiujia iko hapo jirani. Zote zina matawi mengi. Tawi la kawaida lina foleni fupi na chakula kilekile.

Chagua chai kwanza. Swali la kwanza la mhudumu ni chai gani, mara nyingi kabla hujakaa vizuri. Kwa mara ya kwanza agiza puer (普洱, chai iliyochachushwa) au puer yenye maua ya krisanthemo (菊普). Chai hii hukaa ndani ya birika saa nzima bila kuwa chungu sana, na inakata mafuta ya chakula. Tieguanyin ni nzuri zaidi kwa harufu, lakini ikisahaulika kwenye birika kubwa inakuwa chungu, na mgeni husahau. Anayetaka ladha iliyo karibu na chai ya rangi ya nyumbani aombe hongcha (红茶). Maziwa hakuna, sukari hakuna, na kuomba hakutasaidia.

Suuza vyombo. Ukiletewa beseni dogo pamoja na birika, chai ya kwanza si ya kunywa. Mimina kwenye bakuli, tumbukiza kikombe ukizungushe kwa vijiti, suuza kijiko na ncha za vijiti, kisha mwaga vyote kwenye beseni. Kama hakuna beseni, tazama meza ya jirani. Nyumba za kisasa huleta vyombo vilivyokwisha kusafishwa na hawasuuzi. Kosa linaloonekana sana ni kunywa maji ya beseni. Si utani, hutokea.

Mimina kwa wengine kabla yako. Mkubwa wa umri kwanza, wewe mwisho. Jaza sehemu saba kwa kumi. Kikombe hakina mkono, hivyo kikijaa hadi mdomo kinamuunguza mwenye kukishika, na kumjazia mtu hivyo huchukuliwa kama kumfukuza. Usielekeze mdomo wa birika kwa mtu.

Gonga meza ukimiminiwa. Kidole cha shahada na cha kati, vimekunjwa kidogo, mara mbili au tatu kwenye meza. Hiyo ndiyo shukrani, na faida yake ni kwamba haikatizi mazungumzo. Ukikaa na wazee utawaona wakigonga hata mdomo ukiwa umejaa.

Agiza kidogo kidogo. Menyu ni karatasi ya kuweka alama au msimbo wa QR uliobandikwa mezani. Vyakula hupangwa kwa madaraja ya bei: 小点, 中点, 大点, 特点, na juu yake 顶点. Kila kikapu kina vipande vitatu au vinne. Watu wawili waanze na vikapu vitatu, waongeze baadaye. Mgeni hutia alama kwenye vikapu tisa, vikaja vyote kwa pamoja, vikapoa. Msimbo usipofunguka, onyesha sentensi ya menyu ya karatasi. Ikiwa haipo, mwombe mhudumu aagize kwa simu yake ukimwonyesha picha au meza ya jirani. Hilo ni jambo la kila siku kwao.

Nguruwe. Hapa tafsiri ya kamera haitoshi, kwa sababu jina la chakula halitaji kila kilichomo. Siu mai (烧卖) ni nguruwe na kamba. Char siu bao (叉烧包) ni nguruwe. Har gow (虾饺) inaitwa ya kamba lakini ndani mara nyingi kuna mafuta ya nguruwe. Keki ya figili (萝卜糕) huwa na soseji ya nguruwe, na wali wa kunata na kuku (糯米鸡) mara nyingi umechanganywa na nguruwe pia. Hata kitamutamu cha mayai (蛋挞) unga wake huweza kuwa umekandwa kwa mafuta hayo. Mwislamu atafute bango la 清真, ambalo maana yake ni halali; Xiaobei yapo mengi, pamoja na mtaa wa msikiti wa Huaisheng. Kuagiza "kamba tu" katika nyumba ya kawaida si kinga.

Kuongeza maji. Fungua kifuniko cha birika, kiegemeze mdomoni mwa birika au kiache kimelala upande, usiseme neno. Mhudumu anayepita atajaza maji ya moto. Maji ya kuongeza hayalipiwi. Siku hizi meza nyingi zina birika la umeme. Hapo ni kazi yako mwenyewe.

Utajua umeipatia meza ya Guangzhou pale ambapo chakula kinakuja kikiwa cha moto kikapu kwa kikapu, birika linajazwa bila kuita mtu, na kwenye meza hakuna kitu usichokijua bei yake. Hilo la mwisho lina mtego: karanga au kachumbari iliyowekwa mbele yako kabla hujaagiza, pamoja na tishu ya maji iliyofungwa, vyote vina bei. Sema "bu yao" mara vinapowekwa. Ukishaonja, umenunua.

## Hatua ya 4: Bakuli la Chengdu

Kwa anayekwepa nguruwe, au asiyetaka kula, nyumba za Sichuan ni rahisi mno kuliko za Guangzhou. Kuna chai, mbegu za alizeti, na basi. Kwa maoni yetu hapa ndipo msafiri angeanzia.

Nyumba ya chai ya Heming, iliyofunguliwa 1923, iko ndani ya Bustani ya Watu (人民公园), kando ya bwawa. Shuka kituo cha People's Park, njia namba 2 ya treni ya chini. Kuingia bustanini ni bure. Chakula cha halali kiko mwendo mfupi kutoka hapo, karibu na msikiti wa Huangcheng.

1. Keti popote palipo wazi. Hakuna anayekupangia. Ila angalia kifuniko cha bakuli kilichoachwa juu ya kiti: mwenyewe amekwenda chooni na atarudi.

2. Agiza bakuli moja kwa kila mtu. Kuchangia bakuli hakukubaliki, maana kinachouzwa ni bakuli. Jasmini ndiyo chai ya mji. Bitan Piaoxue (碧潭飘雪) ina maua meupe yanayoelea na harufu nyepesi. Zhuyeqing (竹叶青) ni chai ya kijani ya Sichuan, majani yake husimama wima ndani ya maji. Anayeikosa sukari aombe babaocha (八宝茶): ina sukari ya mawe, tende za Kichina na maua ya krisanthemo. Kwa kawaida bakuli huwa kati ya yuani 15 na 40, na hulipwa mara linapofika.

3. Subiri dakika mbili au tatu. Bakuli huja na majani makavu, maji humiminwa mbele yako. Majani yanayoelea bado hayajalowa. Ukiyanywa sasa utatafuna majani na kusema chai ya China ni mbaya.

4. Shika kisahani, si bakuli. Vyombo ni vitatu: kisahani chini, bakuli, kifuniko juu. Mkono wa kushoto unyanyue kisahani pamoja na bakuli, kidole gumba kikilituliza bakuli. Mkono wa kulia ushike kitufe cha kifuniko. Sukuma majani mbali nawe kwa ukingo wa kifuniko, acha mwanya mdogo, unywe kupitia mwanya huo. Kisahani ndicho kinacholinda vidole. Ukishika bakuli lenyewe utaliangusha, na kosa hilo ni la karibu kila mgeni.

5. Usinywe hadi chini. Ongeza maji ikibaki theluthi moja. Maji hayo yaliyobaki ndiyo yanayobeba nguvu ya chai kwenda mzunguko wa pili. Ukikausha bakuli, mzunguko unaofuata ni maji ya moto yenye kumbukumbu ya jasmini. Bakuli zuri linavumilia kuongezwa mara nne au tano. Ukipewa chupa ya chai, jimiminie. Kama hukupewa, egemeza kifuniko kwenye kisahani na mhudumu ataelewa. Ukimaliza kabisa, kigeuze kifuniko kichwa chini ndani ya bakuli, ili meza iondolewe. Wahudumu wa siku nyingi husoma ishara hizi kwa mbali. Vijana wa zamu huenda wasizione, basi inua mkono useme "jya shwei".

Wasafisha masikio. Utasikia mlio mkali wa chuma, kama uma wa kupimia sauti. Ni mtu mwenye vijiti vya chuma na manyoya anayetafuta mteja wa kumsafisha masikio. Ukitaka, uliza bei yote kabla, na umwambie asiongeze huduma nyingine, kwa sababu nyongeza ndizo zinazopandisha bei. Mwenye tatizo la masikio asijaribu. Hutaki? Punga mkono mara moja; hawang'ang'anii.

Kamera. Nyumba kongwe zina wazee wenye sura ambazo kila mpiga picha anazitamani. Omba kwanza kwa ishara. Nao watataka kukupiga picha wewe, hasa kama ni mweusi na uko nje ya Guangzhou. Ukikubali, kubali kwa kicheko. Ukikataa, "bu yao" na kiganja mbele ya uso vinatosha.

Umefaulu Chengdu ikiwa saa mbili zimepita, bakuli ni lilelile, na hakuna aliyekuja kukuuliza kama unaongeza kitu.

## Hatua ya 5: Meza ya gongfu

Hii ni chai ya vikombe vidogo kama vya kahawa ya mwambao, inayotumika zaidi Guangdong ya mashariki (Chaozhou ndiyo makao yake) na Fujian. Utaikuta kwenye nyumba za vyumba na kwenye maduka ya majani. Guangzhou, nenda soko la chai la Fangcun, kituo cha Fangcun njia namba 1, lenye maduka yasiyohesabika.

Dukani mwenye duka ndiye anayepika. Kazi yako ni kupokea, kugonga meza, kunywa kwa mikupuo mitatu midogo na kurudisha kikombe mahali pake. Kuvuta chai kwa sauti kunaruhusiwa. Hewa huipoza na kuinua harufu. Kumimina kwa kwanza huwa ni kwa kuosha majani na vikombe, usikinyakue.

Ukiachiwa chombo upike mwenyewe, vipimo ni hivi:

- bakuli lenye kifuniko la mililita 100 hadi 120
- gramu 7 za oolong (chai iliyo kati ya ya kijani na ya rangi), kama Dancong au Tieguanyin. Pakiti ndogo zilizofungwa mara nyingi zina kiasi hicho
- maji yaliyochemka kabisa

Mimina maji, mwaga baada ya sekunde 3. Mimina tena, subiri sekunde 5 hadi 10, mwaga yote kwenye jagi dogo, kisha gawa kwenye vikombe. Jagi lipo ili kikombe cha kwanza na cha mwisho viwe na nguvu sawa. Kila mzunguko ongeza sekunde tano hivi. Mizunguko sita hadi minane ni kawaida.

Mambo mawili huharibu. La kwanza ni kujaza maji hadi ukingo uliopinduka wa bakuli: ukingo huo ndio mshikio wako, kidole gumba na cha kati pembeni, cha shahada juu ya kitufe, na ukilowa unaungua. La pili ni kuacha chai ndani ukizungumza. Gramu saba kwenye maji kidogo kiasi hicho, dakika moja inatosha kuifanya isinyweke. Ikitokea, mwaga bila aibu, uendelee na mzunguko unaofuata kwa sekunde chache.

Kununua. Kuonja hakulipiwi, lakini kuonja chai sita za ghali kisha kuondoka mikono mitupu si adabu. Sema mapema kiasi unachotaka kutumia, wakuonjeshe za bei hiyo. Bei inayotajwa ni ya jin, ambayo ni gramu 500, si kilo. Liang moja ni gramu 50. Kwa hiyo chai ya "300" ni yuani 600 kwa kilo, na ukinunua liang mbili unalipa 60. Andika kiasi na jumla kwenye kikokotoo cha simu, mwonyeshe, subiri aitikie kwa kichwa ndipo apime. Dai la kwamba keki ya puer (majani yaliyogandamizwa) ni ya miaka thelathini liache lipite. Asiyeijua chai hiyo hana namna ya kuithibitisha mezani.

## Hatua ya 6: Lipa

Guangzhou, inua mkono useme "mai dan". Mfano wa bili ya watu wawili: viti viwili kwa yuani 12 ni 24, vikapu vitano vya 18, 22, 22, 26 na 30 ni 118, karanga ulizozila ni 8. Jumla 150. Ukiona asilimia 10 imeongezwa ni ada ya huduma, ambayo baadhi ya hoteli hutoza na huandikwa kwenye menyu. Bakshishi haitolewi. Ukiacha noti mezani, mhudumu anaweza kukukimbilia akidhani umesahau.

Kama umealikwa na mwenyeji, hasa mshirika wa biashara, usivutane naye juu ya bili zaidi ya mara moja. Lipia wewe safari ijayo.

## Mambo yakikwama

Kadi imekataliwa ndani ya Alipay. Jaribu WeChat, kisha taslimu. Mara nyingi ni benki yako iliyozuia malipo ya nje. Iarifu kabla ya kuondoka nyumbani.

Bili ina kitu usichokijua. Fungua kamera ya kutafsiri, weka kidole kwenye mstari, uliza "je shr shenma?" (这是什么, hiki ni nini). 茶位 ni kiti. 小吃 ni vitafunwa. 纸巾 ni tishu. Kama hukukigusa, kwa kawaida wanakifuta papo hapo.

Chai ni chungu. Birika limekaa. Omba birika la pili la maji ya moto matupu (开水, kai shwei), uchanganye kikombeni.

Moshi. Kwenye nyumba kongwe watu bado huvuta sigara ndani. Hamia nje na bakuli lako. Kiti hakina jina.

Hakuna anayekuhudumia. Huenda ni nyumba ya kuagiza kaunta. Tazama waliofika baada yako wanaelekea wapi, uwafuate.